Umefanya usaili, sasa ni kimya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kufuatilia kwa barua pepe

Majibu haya yamelenga hasa kampuni binafsi na mashirika ya Tanzania na Kenya. Usaili wa serikalini una taratibu zake na una swali lake huko chini. Kama huo ndio ulioufanya, anzia hapo, maana mengi ya hapa juu hayatakufaa.

Kuna haja ya kuandika kweli? Si wakinitaka watanipigia?

Wakikutaka watakupigia, hilo halina ubishi. Barua pepe haimpandishi mtu aliyepata alama za chini. Kazi yake ni nyingine. Aliyeshika nafasi ya kwanza anapokataa mshahara, au mwajiri wake wa sasa anapomwongezea pesa abaki, ofisi humrudia wa pili. Wa pili ambaye tarehe yake ya kuanza inajulikana na simu yake inapatikana ni rahisi kumwita kuliko yule ambaye hakuna anayejua kama bado anatafuta kazi. Halafu kuna faili zilizokwama tu: mkuu wa idara yuko safarini, karatasi ya alama haijasainiwa. Swali la heshima kutoka kwa msailiwa humpa afisa sababu ya kwenda kugonga mlango wa bosi wake.

Faida ya tatu watu huidharau. Ukipata "hapana" leo, unaacha kukataa vibarua na nafasi nyingine kwa ajili ya kazi ambayo ilishapata mtu.

Niandike lini?

Kwa kawaida mara mbili. Mara ya tatu ni pale tu unapokuwa na jambo jipya la kusema, au unapowaaga baada ya kimya.

Ya kwanza ni ya shukrani, ndani ya saa 24. Ya pili ndiyo ya kufuatilia, na tarehe yake huichagui wewe: inatokana na ile waliyokutajia. Ongeza siku mbili za kazi juu yake. Tuseme usaili ulikuwa Jumanne tarehe 4 Novemba, wakasema majibu yatatoka ndani ya wiki mbili. Ahadi yao inaangukia Jumanne tarehe 18, na wewe unaandika Alhamisi tarehe 20. Ukiandika tarehe 12 kuuliza kitu ulichoambiwa kitatoka tarehe 18, umewaonyesha kwamba hukuwa unasikiliza.

Hawakutaja tarehe yoyote? Hesabu siku 7 hadi 10 za kazi tangu siku ya usaili. Ruka Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Kuanzia katikati ya Desemba hadi wiki ya kwanza ya Januari usihesabu kabisa, kwa sababu ofisi nyingi zinakuwa na mtu mmoja wa zamu, naye hana mamlaka ya kusaini ajira. Wiki ya Idd nayo huyumba, maana siku yenyewe inategemea kuandama kwa mwezi na hakuna anayepanga kikao cha uhakika.

Kuhusu saa ya kutuma, asubuhi kati ya saa 2 na saa 4 inafaa, kabla vikao havijaanza. Ijumaa mchana iepuke: wengine wameenda msikitini, wengine akili yao iko safarini, na barua yako itafukiwa na za Jumatatu.

Nilisahau kuuliza majibu yatatoka lini. Nimeharibu?

Hapana, ila umejiongezea kazi. Iulize kwenye barua ya shukrani kwa sentensi moja: "Naomba kujua mnatarajia kutoa majibu lini ili nipange ratiba yangu." Watu wengi wa HR (idara ya rasilimali watu) hulijibu hili, kwa sababu ni swali lenye jibu fupi.

Mara nyingine, jopo likikuuliza "una swali lolote kwetu?", usiseme "sina". Uliza mambo matatu: majibu yanatoka lini, nani atawasiliana na wasailiwa, na kwa njia gani, simu au barua pepe. Hayo matatu yaandike pembeni ya karatasi kabla hujatoka getini. Karibu kila kitu kwenye ukurasa huu kinakuwa chepesi ukiwa nayo, na kinakuwa cha kubahatisha ukiwa huna.

Nimwandikie nani?

Aliyekualika. Fungua barua ile ile ya mwaliko na ubofye "Jibu", usianzishe barua mpya. Ukijibu humo, mwaliko wako, jina la nafasi na tarehe ya usaili vinabaki chini ya maneno yako, na afisa mwenye wasailiwa 40 hahitaji kutafuta wewe ni nani.

Mwaliko ukiwa umetoka kwenye anwani isiyopokea majibu (utaona maneno "noreply" au "usijibu barua hii"), soma mwaliko hadi mwisho, mara nyingi kuna anwani nyingine ya mawasiliano. Kama ulialikwa kwa simu au meseji tu, tuma meseji kwenye namba hiyo hiyo: "Habari za kazi. Naitwa (jina kamili), nilifanya usaili wa Mhasibu Msaidizi leo. Naomba anwani ya barua pepe ya mawasiliano." Basi.

Usibahatishe anwani kwa kuunganisha jina la mtu na jina la kampuni. Usimpelekee nakala mkurugenzi mtendaji pia. Wewe unaona unaonyesha bidii, lakini afisa anaona umemshtaki kwa bosi wake.

Ukiandika anwani kwa mkono, kagua mwisho wake herufi kwa herufi. Kosa la kawaida kabisa ni kuandika ".com" mahali pa ".co.tz" au ".co.ke", na kwa mashirika kusahau kwamba mengi ni ".or.tz". Ikikosewa, mara nyingi ndani ya dakika chache utarudishiwa ujumbe kutoka kwa "Mailer-Daemon". Wengi huuona wakadhani ni tangazo, wakaufuta, kisha wakasubiri mwezi mzima majibu ya barua ambayo haikufika.

Mada ya barua iandikweje?

Ukijibu kwenye mwaliko, iache ilivyo. Ukianzisha barua mpya, weka jina la nafasi kama lilivyokuwa kwenye tangazo, neno "usaili", tarehe, na jina lako: "Usaili wa Mhasibu Msaidizi, 4 Novemba – (jina lako)". Kama tangazo lilikuwa na namba ya kumbukumbu, iweke. Mada kama "Habari", "Ombi" au "MUHIMU SANA" haitafutiki baadaye, na herufi kubwa tupu husomeka kama mtu anayepiga kelele mapokezi.

Ndani niandike nini? Nipeni mfano.

Barua ya shukrani haizidi maneno 120. Mfano wa mtu aliyesailiwa kwa nafasi ya uhasibu:

"Ndugu Afisa Rasilimali Watu,

Asante kwa muda wenu wa jana. Nimeelewa vizuri zaidi kazi ilivyo baada ya kusikia kwamba hesabu za matawi matatu zinatakiwa zifungwe kila tarehe 5. Kazini kwangu sasa nafunga hesabu za mwezi kwa programu ya Tally, na matawi yanayochelewa kuleta stakabadhi ndiyo changamoto ninayoishughulikia kila mwezi.

Mliniuliza tarehe ya kuanza nikasema 'mapema'. Jibu kamili ni kwamba ninatakiwa kutoa notisi ya siku 28, kwa hiyo ninaweza kuanza siku 28 baada ya kupokea barua ya ajira.

Nasubiri majibu kufikia tarehe 18 Novemba kama mlivyoeleza.

(Jina kamili, namba ya simu)"

Tazama kilichomo. Aya ya kwanza ina kitu ambacho asingekijua mtu ambaye hakuwemo chumbani: matawi matatu, tarehe 5. Hicho ndicho kinachoitofautisha na barua ya shukrani iliyonakiliwa mtandaoni, na wasaili wanazijua za kunakili kwa sababu wanazipata tatu zinazofanana siku moja. Aya ya pili inaziba pengo lililoachwa kwenye usaili. Ya tatu inarudia tarehe waliyoitaja wenyewe, bila kulalamika, na tayari imeandaa barua ya pili.

Siku 28 si namba ya kubuni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi aliyekwisha kupita mwezi wake wa kwanza kazini, na Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 nayo inataja siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Mkataba wako unaweza kutaka zaidi, hasa kwa mameneja, kwa hiyo usome kabla hujaahidi tarehe.

Barua ya kufuatilia ni fupi zaidi:

"Ndugu Afisa Rasilimali Watu,

Nilifanya usaili wa nafasi ya Mhasibu Msaidizi tarehe 4 Novemba, na mlieleza kwamba majibu yangetoka kufikia tarehe 18. Naomba kujua kama uamuzi umefikiwa, au kama kuna tarehe nyingine mnayoitarajia.

Bado naitaka nafasi hii. Kama mnahitaji nyaraka zaidi au mawasiliano ya wadhamini wangu, nitayatuma siku hiyo hiyo.

(Jina kamili, namba ya simu)"

Swali ni moja na linajibika kwa mstari mmoja. Linganisha na hii, ambayo hutumwa sana: "Napenda kuchukua fursa hii adhimu kuwasalimu na kuulizia maendeleo ya maombi yangu kwani nimesubiri kwa muda mrefu bila mafanikio na hali ya maisha ni ngumu." Fursa adhimu haina kazi hapo. "Maombi yangu" hayatajwi ni ya nafasi gani. Na ugumu wa maisha, hata ukiwa wa kweli, unamweka afisa mahali pabaya: hana la kukujibu, kwa hiyo hajibu.

Niambatishe tena CV na vyeti?

Usiambatishe kitu ambacho hujaombwa. Wanavyo. Ukiombwa, weka vyeti vyote kwenye faili moja la PDF lenye jina lako, lisizidi MB chache. Picha nane za vyeti zilizopigwa juu ya kitanda, kila moja na jina la "IMG" na tarakimu, mtu mwingine itabidi azipange, na atazipanga siku akipata nafasi.

Niandike Kiswahili au Kiingereza? Na salamu je?

Fuata lugha ya mwaliko. Tangazo na mwaliko vikiwa vya Kiingereza, andika Kiingereza hata kama chumbani mlicheka kwa Kiswahili, kwa sababu barua itaingia kwenye faili. Mwaliko ukiwa wa Kiswahili, kujibu kwa Kiingereza ili kuonyesha elimu hakukupi alama.

Hapo kuna mtego wa saa. Ukiitwa kwa simu "njoo saa nne asubuhi", kwenye barua ya Kiingereza hiyo ni 10:00. Watu huandika 4:00 kwa kuifasiri moja kwa moja, na wakati mwingine huchelewa usaili wa pili kwa sababu waliona 9:00 wakasikia kichwani saa tisa alasiri. Ukithibitisha muda, andika namba na neno asubuhi au mchana, kwa lugha ile ile uliyoandikiwa.

Kwa salamu, Tanzania "Ndugu" ikifuatiwa na cheo au jina inatosha kwa mwanamume na mwanamke. Kenya wengi hutumia "Bwana" au "Bi". "Mheshimiwa" waachie wabunge na majaji. "Shikamoo" ni ya mdomo: mwamkie nayo mkikutana mapokezi, lakini kwenye barua ya kikazi inamfanya afisa wa miaka 29 ajisikie mzee. "Assalaam alaykum" ijibu ukianziwa nayo. "Mkuu", "boss" na "mpendwa dada" hazina nafasi. Kufunga barua kwa "wako mtiifu katika ujenzi wa taifa" kulikuwa na zama zake. Sasa "Asante" na jina lako vinatosha.

Kuna swali nililijibu vibaya. Naweza kulirekebisha kwa barua?

Moja, ndiyo, na liwe la ukweli unaohakikika: kiwango cha kodi ulichokitaja kimakosa, jina la programu, mwaka. Sentensi mbili kwenye barua ya shukrani: "Niliposema mwisho wa kuwasilisha ritani ya VAT ni tarehe 25, nilikosea, ni tarehe 20." Usiombe radhi mara tatu. Kama ulibabaika kwenye swali la "tuambie kuhusu udhaifu wako", liache lilivyo. Kulirudia ni kuwakumbusha.

Nimefuatilia, hawajajibu. Kimya kina maana gani?

Kimya kingi kina mshindo, walisema wahenga, lakini kimya cha HR mara nyingi kina kalenda tu. Alama za jopo hazijajumlishwa kwa sababu msaili mmoja alisafiri. Mtu wa kwanza amepewa barua ya ajira na bado anabishana kuhusu mshahara, na ofisi haitawaambia wengine "hapana" mpaka asaini. Nafasi inategemea fedha za mfadhili na mkataba haujasainiwa, jambo la kawaida sana kwenye mashirika yanayoendeshwa kwa miradi. Au bajeti: serikali za Tanzania na Kenya huanza mwaka wa fedha tarehe 1 Julai, na taasisi zinazofuata kalenda hiyo hukazana Mei na Juni au hungoja mpaka Julai ipite.

Kuna pia kimya ambacho ni "hapana". Mwajiri aliyemaliza kuajiri asingependa kuandika barua 39 za kukataa, na wengi hawaandiki. Ni utovu wa adabu, hasa kwa mtu aliyelipa nauli kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam, lakini ndivyo ilivyo na hutaibadilisha kwa barua kali.

Kwa hiyo: subiri siku 7 za kazi baada ya barua ya kufuatilia. Kisha, ukipenda, tuma ya mwisho ya mistari miwili ukisema utaendelea na maombi mengine ila unabaki tayari wakikuhitaji. Baada ya hiyo acha. Barua ya nne haijawahi kumpa mtu kazi, na jina hubaki kwenye kumbukumbu za ofisi kwa sababu isiyo nzuri.

Au labda walijibu nami sikuona?

Hutokea kuliko watu wanavyodhani. Kabla ya kulaumu, kagua vitu vitatu.

Kwanza, folda ya barua taka (Spam). Gmail hufuta vilivyomo humo baada ya siku 30, kwa hiyo ipitie kila baada ya siku mbili wakati unasubiri. Pili, nafasi. Akaunti ya bure ya Google ina GB 15 tu, na hizo zinagawanwa kati ya barua pepe, Drive na picha. Simu inayohifadhi video za harusi zote kwenye Google Photos hujaza nafasi hiyo, na ikijaa huwezi tena kupokea barua pepe. Barua ya mwajiri inarudi ilikotoka, naye anadhani anwani yako si sahihi. Futa video kubwa mbili tatu na umwage pipa la taka.

Tatu, simu. Waajiri wengi hapa kwetu hupiga kabla ya kuandika, tena kwa namba ya mezani au namba ngeni. Anayekata namba asizozijua hukosa kazi kimyakimya. Ukikuta simu iliyokupita saa za kazi, piga siku hiyo hiyo. Na kama umebadilisha laini tangu ulipotuma maombi, hiyo peke yake ni sababu halali ya kuwaandikia.

Nimepata kazi kwingine, lakini hii ndiyo ninayoitaka. Nifanyeje?

Hapa ndipo barua pepe ina nguvu kuliko mahali pengine popote, mradi useme kweli. Andika siku ile ile uliyopata barua ya ajira ya maandishi. Ahadi ya mdomo haihesabiki:

"Nimepokea barua ya ajira kutoka kwa mwajiri mwingine na ninatakiwa kuijibu kufikia Ijumaa tarehe 21 Novemba. Nafasi yenu ndiyo chaguo langu la kwanza. Naomba kujua kama mnaweza kunipa mwelekeo kabla ya tarehe hiyo."

Usimtaje mwajiri mwingine wala mshahara wake. Wape angalau siku mbili za kazi. Na usidanganye kwamba una ofa wakati huna: jibu la kawaida ni "tunakupongeza, tunakutakia kila la heri", na hapo huna pa kurudi. Miji yetu ni mikubwa lakini watu wa HR wa benki, wa bima na wa mashirika wanajuana, wana hadi magrupu ya WhatsApp.

Ukiamua kuchukua ile nyingine, waambie hawa kwa mistari miwili kwamba umejiondoa.

Je, nipige simu, nitume WhatsApp, au niende ofisini?

Simu moja ni halali ikiwa barua ya kufuatilia imekaa siku 5 za kazi bila jibu. Piga saa 4 asubuhi, taja jina, nafasi na tarehe ya usaili, uliza kama barua yako ilifika. Isizidi dakika mbili. WhatsApp itumie tu kama wao ndio walioianzisha, na usitume ujumbe wa sauti: mtu hawezi kuusikiliza kikaoni wala kuuweka kwenye faili.

Kwenda ofisini bila miadi kunafaa kwenye biashara ndogo, duka la jumla, karakana, hoteli ya familia, ambako mwenye mali ndiye anayeajiri na yuko pale kaunta. Kwenye benki au shirika utaishia kwa mlinzi, na jina lako kwenye daftari la wageni.

Nina ndugu anayefanya kazi humo. Nimtumie kuulizia?

Anaweza kukwambia kama mchakato umekwisha. Asiende mbali zaidi ya hapo. Anapoanza kukusemea kwa wajumbe wa jopo, mwajiri anaweza kukuondoa wewe, na ndugu yako akaingia matatani. Matangazo mengi ya ajira Kenya, hasa ya taasisi za umma, husema wazi kwamba ushawishi wa aina yoyote humwondoa mwombaji moja kwa moja.

Usaili wangu ulikuwa wa serikali ya Tanzania kupitia Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi za serikali. Niandike?

Barua ya shukrani huko haina pa kwenda. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma husaili watu wengi kwa hatua, mchujo wa kuandika kwanza na mahojiano baadaye, wengine wakipitia vitendo katikati, na matokeo hutangazwa kwa orodha. Wasioona majina yao kwenye tangazo la kuitwa kazini huelezwa ndani ya tangazo hilo hilo kwamba hawakupata nafasi na waombe tena zikitangazwa nyingine.

Kwa hiyo kufuatilia kwako ni kufungua akaunti yako ya Ajira Portal na ukurasa wa matangazo, mara mbili kwa wiki. Usisahau kanzidata: waliofaulu usaili lakini nafasi zikawa chache majina yao huhifadhiwa, na wanaweza kupangiwa kituo miezi baadaye nafasi ya aina hiyo ikipatikana. Ndiyo maana namba ya simu na anwani kwenye akaunti zinapaswa kubaki hai hata baada ya kukata tamaa. Pa kuandika ni pale tu penye kasoro: jina limekosewa, umeitwa na cheti chako cha kuzaliwa kina jina tofauti. Hapo toa namba ya tangazo, jina la kada na kosa lenyewe.

Zanzibar ina mfumo wake, na Kenya Tume ya Utumishi wa Umma ina wake. Kanuni ni ile ile: fuata mfumo, acha barua za kubembeleza.

Nilisailiwa kwa video na mwajiri wa Oman au Dubai. Kuna tofauti?

Ya kalenda. Oman wikendi ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo Jumapili ni siku nzuri ya kazi na Ijumaa asubuhi ni kupoteza muda. Falme za Kiarabu zilihamia wikendi ya Jumamosi na Jumapili mwaka 2022, na Ijumaa ofisi za serikali kuu hufanya kazi nusu siku. Saa zao ziko mbele ya zetu kwa saa moja. Wakati wa Ramadhani saa za kazi hupunguzwa, kwa hiyo ongeza siku tatu au nne kwenye hesabu yako.

Kama ulipitia kwa wakala, mwandikie wakala peke yake. Kumruka na kumwandikia mteja wake moja kwa moja kunaweza kuvunja mkataba wao, na wakala hatakupeleka tena popote.

Wamenikataa. Niulize kwa nini?

Uliza, ila kwa namna inayojibika. "Naomba kujua eneo moja ambalo mngenishauri niliboreshe" hupata jibu mara nyingine. "Naomba sababu za kunikataa" inanuka kesi, na HR watanyamaza au watampelekea mwanasheria. Ongeza kwamba ungependa kufikiriwa nafasi ya namna hiyo ikitokea. Aliyechaguliwa anaweza asimalize kipindi cha majaribio, na ofisi haitapenda kuanza upya na maombi 600.

Nimejibiwa kwamba nimepata, ila nitume pesa ya vipimo vya afya na sare.

Hukupata kazi. Usitume. Hao ni matapeli: hupata majina kutoka kwenye CV zinazozagaa mtandaoni na kwenye magrupu, kisha huandika kwa nembo ya kampuni ya kweli. Tazama anwani yenyewe, si jina linaloonekana juu yake: kampuni kubwa yenye tovuti haitumi barua ya ajira kwa Gmail, ingawa biashara ndogo za kweli huitumia. Angalia namba ya kulipia ina jina la nani. Ikiwa ni la mtu binafsi, umeshajua. Kisha piga namba iliyo kwenye tovuti ya kampuni, usitumie iliyo kwenye barua, uulize kama kuna ajira hiyo.

Ikiwa walikutumia kwa meseji, Tanzania ipeleke kwenye namba 15040 pamoja na namba ya mtumaji. Kenya, kwa wateja wa Safaricom, ni 333. Halafu badilisha nywila ya barua pepe yako, hasa kama ulibofya kiungo chao.